Nani kakwambia DLC ni kipande kilichokatwa?

Jumapili mpwa wangu alimuua Mohg, mmoja wa maadui wakubwa kwenye gemu ya Elden Ring, akakiona kifukofuko kile chenye mkono unaoning'inia, ambao ndio mlango wa nyongeza (DLC) inayouzwa kando, akaweka pedi ya kuchezea chini. "Mjomba, hawa wameikata gemu ili watuuzie mara mbili." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye mabanda ya gemu na ofisini, hadi kwa watu walionizidi umri. Kazi yangu ni kupanga misheni na kuandika masharti yanayoziendesha, na sehemu kubwa ya miaka yangu imeishia kwenye nyongeza za hadithi. Safari hii nimeona niandike.

Nianze na lililo jepesi. Watu wa gemu hawamalizi kazi siku moja. Waandishi na wachoraji hutangulia kumaliza, waprogramu hubaki wakisaka hitilafu, kisha gemu hupelekwa Sony, Microsoft au Nintendo ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Wale waliomaliza hawakai bure, wanaanza nyongeza. Ndiyo maana CD Projekt Red, watengenezaji wa The Witcher 3, waliweza kutangaza nyongeza zake mbili kabla gemu yenyewe haijatoka Mei 2015. Hearts of Stone ilikuja Oktoba, Blood and Wine Mei 2016, tena hiyo ya pili na nchi yake nzima, Toussaint. Kilichokuwa hakijajengwa kilikatwaje?

Sasa kinachoniudhi. Mtu anaona mlango uliofungwa, au jina la mhusika asiyetokea, au faili kwenye diski, anasema huo ndio ushahidi. Hebu fikirini sevu, yaani faili inayohifadhi ulipofikia, ni kitu gani. Hadithi haimo humo. Ni daftari la ndiyo na hapana: umemuua huyu, hujamwahidi yule, kisanduku kile umekifungua. Nyongeza ikitoka mwaka mmoja au miwili baadaye inaingia kwenye mamilioni ya madaftari ambayo ni shida kupata mawili yanayofanana. Mchezaji mmoja ameshamuua mtu ninayemhitaji azungumze. Mwingine hajafika hata nusu ya safari. Gemu ya kwanza isipoacha pa kushikia, yaani mhusika asiyeweza kuuawa, mahali pasipobomoka, au alama moja ndani ya daftari, nyongeza haina pa kusimama. Kwa hiyo tunapaacha makusudi, mapema, mara nyingine kabla hatujajua tutapatundika nini. Ukiona msumari ukutani usiseme picha imeibwa.

Kifukofuko kile kilikuwapo tangu Februari 2022. Shadow of the Erdtree ilitoka tarehe 21 Juni 2024, na kuingia kwake ni kuugusa ule mkono baada ya kuwaua Radahn na Mohg. Wengi walinunua wakakwama nje, kwa sababu mtu anaweza kuimaliza Elden Ring bila kumgusa Mohg. Nawaelewa, ila kwa upande wa hadithi naona FromSoftware, walioitengeneza, walikuwa sahihi: anayeingia anajua alichokitenda. The Witcher 3 ilichukua njia nyingine, ikamruhusu mchezaji aanzie moja kwa moja kwenye nyongeza na Geralt, shujaa wake, akiwa amekwisha kukomaa. Phantom Liberty ya Cyberpunk 2077, mwaka 2023, nayo ina njia ya mkato. Mnunuzi anafurahi, lakini mwandishi anapata kazi ngumu, kwa sababu watu waliojuana miaka mingi inabidi waongee kana kwamba wamekutana jana, ili mgeni aelewe. Maongezi ya namna hiyo nimeyaandika mengi na sijapata hata moja la kuniridhisha.

Mtaniambia habari za Mass Effect 3. Machi 2012 nyongeza ya From Ashes iliuzwa siku ileile gemu ilipotoka, na baadhi ya data za Javik, mhusika wa nyongeza hiyo, zikakutwa kwenye diski ya gemu. BioWare, watengenezaji wake, walieleza kwamba mhusika wa kuandamana nawe kwenye misheni lazima aandaliwe ndani ya gemu yenyewe. Kiufundi ni kweli tupu. Lakini Javik ni Mprothean, wa jamii ya kale iliyotoweka, na hadithi ile tangu gemu ya kwanza imewazunguka Waprothean. Jibu la kiufundi halimjibu mchezaji anayeuliza kwa nini huyo, kati ya wote, ndiye alipiwe kando. Na Asura's Wrath, mwaka huohuo, mwisho wake wa kweli uliuzwa peke yake. Huo siutetei.

Tena kuna jambo ambalo kwenye vikao vyetu halisemwi. Mwandishi akishajua nyongeza inakuja, mkono wake unabadilika. Studio moja niliyofanyia kazi ilikuwa na mhusika wa kike, dada wa shujaa, niliyekuwa nimeandika kifo chake katika sura ya nane. Nikaambiwa abaki hai, tutamhitaji. Nikafuta kifo, nikampandisha mashua akaondoka. Hakuna faili iliyokatwa, hakuna mlango uliofungwa, na mchezaji yeyote angepekua diski nzima asingekuta kitu. Nyongeza yenyewe haikutengenezwa. Dada yule bado yuko kwenye mashua, na sura ya nane ilikuwa nzuri zaidi alipokuwa anakufa.