Kiwango cha virusi kisichogundulika: maana yake kwako na kwa mwenzi wako

Mtu anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake kila siku, na ambaye kipimo cha wingi wa virusi hakivioni tena kwenye damu yake, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Neno ni "hawezi". Si "ni nadra", wala si "uwezekano ni mdogo". Hiyo ndiyo maana ya kuwa na kiwango cha virusi kisichogundulika, na inasikitisha kwamba wengi wanaoihitaji habari hii wanaipata nusunusu. Mteja anaambiwa kliniki, "Virusi vyako vimefubaa, hongera, endelea hivyo hivyo," anapewa dawa za miezi mitatu au sita, anarudi nyumbani bila kujua kwamba majibu yale yanamhusu pia mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Ili jambo hili lieleweke, inabidi tujue kirusi kinafanya nini mwilini. Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaliana chenyewe. Huingia kwenye seli za kinga, hasa zile zinazoitwa CD4, kikanakili vinasaba vyake viwe vya aina moja na vya seli hiyo, kisha kikajipachika ndani ya kiini chake. Kuanzia hapo seli inaacha kazi yake na kutengeneza virusi vipya. Mtu asiyetumia dawa anaweza kuwa na makumi ya maelfu ya nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa, nakala hizo zinaweza kufika mamilioni, wakati yeye anadhani ni malaria imempitia na kipimo cha haraka bado hakijaonesha kitu. Virusi hivyo ndivyo vinavyopenya hadi kwenye shahawa na majimaji ya ukeni. Vikiwa vingi, hatari ya kuambukiza inapanda, vikipungua, inashuka, vikipungua kupita kiasi fulani, hakuna cha kuambukiza.

Dawa hazivifukuzi virusi mwilini, zinavizuia kuzaana. Kidonge ambacho wengi wanakimeza sasa Tanzania, Kenya na Uganda, TLD, kina dawa tatu ndani yake. Tenofoviri na lamivudini zinaharibu hatua ya kunakili vinasaba, na dolutegraviri inazuia kirusi kisijipachike kwenye kiini cha seli. Virusi vilivyomo kwenye damu vinakufa na kuondoka, vipya havizaliwi, na kwa watu wengi ndani ya miezi sita kipimo hakioni kitu. Lakini kuna seli ambazo kirusi kilijipachika zamani na zikabaki zimelala, kama mbegu ardhini inayongoja mvua. Dawa haizifikii kwa sababu hazifanyi kazi yoyote ya kuzuiwa. Ndiyo maana mtu mwenye majibu mazuri kabisa bado ana VVU, na kipimo cha haraka, ambacho kinatafuta kingamwili na si kirusi chenyewe, kitaendelea kusoma "chanya" maisha yake yote.

Ukipata nafasi ya kuiona karatasi ya majibu, itazame vizuri. Inaweza kuandikwa idadi, kwa mfano nakala 340. Inaweza kuandikwa kwamba ziko chini ya 20 au chini ya 50, kutegemea uwezo wa mashine. Au zinaweza kuandikwa herufi TND, yaani mashine haikuona kirusi hata kimoja. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kwa miaka mingi programu nyingi zimehesabu nakala zisizozidi 1,000 kuwa "virusi vimefubazwa". Hayo ni majibu mazuri, ila si sawa na kutogundulika. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani lilitenganisha waziwazi: asiyegundulika hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana, anayegundulika lakini hazidi nakala 1,000 ana hatari inayokaribia sifuri, anayezidi hapo anaweza kuambukiza. Kwa hiyo ukiambiwa "uko vizuri", uliza ni ngapi. Ni damu yako, una haki ya kuijua namba yake.

Wapo wanaodhani haya yote yalibuniwa ili kuwafariji wagonjwa. Hapana. Madaktari wa Uswisi walipoyatamka hadharani Januari 2008, walilaumiwa vikali na wenzao duniani kwamba wamekimbilia. Ndipo uchunguzi ukafanywa. Mmoja, uliotangaza matokeo yake ya kwanza mwaka 2011, ulifuatilia jozi 1,763 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, katika nchi 9 zikiwemo Kenya, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Baada ya miaka kadhaa, yalihesabiwa maambukizi manane tu yaliyotoka kwa mwenzi aliyekuwa kwenye dawa. Yakakaguliwa moja moja. Manne yalitokea mwanzoni, kabla virusi havijashuka. Manne yalitokea baada ya dawa kushindwa na virusi kupanda tena. Kwa waliokuwa wamefubaza virusi na kubaki hivyo, hakuna hata mmoja.

Uchunguzi mwingine, wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata jozi 888 za wenza wa namna hiyo ambao hawakuwa wakitumia kondomu. Walijamiiana takriban mara 58,000 kwa jumla. Wapo 11 waliopata VVU katika kipindi hicho, na hapo mtu angesema, si mnaona! Lakini vinasaba vya virusi vyao vililinganishwa na vya wenza wao, na havikufanana hata kwa mmoja. Waliambukizwa na watu wa nje ya uhusiano huo. Mimi huo ndio ushahidi unaonishika kuliko wote, maana ulikuwa na kila nafasi ya kuonesha kinyume.

Hayo maambukizi manane ndiyo yanayotufundisha masharti. La kwanza ni muda. Kuanza dawa leo hakumaanishi kwamba wiki ijayo huambukizi. Subiri kipimo, kwa kawaida cha kwanza hufanywa karibu miezi sita baada ya kuanza, na baadaye kila mwaka kama mambo yako sawa. Katika kipindi hicho cha kungoja, kondomu zinabaki, na mwenzi asiye na VVU anaweza kupewa PrEP, dawa za kumkinga. La pili ni mwendelezo. Kutogundulika ni hali inayotunzwa kila siku kwa kidonge, na mtu anayeacha dawa huanza kurudiwa na virusi ndani ya wiki chache, bila maumivu, bila homa, bila dalili ya kumshtua.

Mwaka 2011 watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba iliyosemekana kuponya. Wapo walioacha ARV, yaani dawa za VVU, baada ya hapo wakiamini wamepona, na kwa kweli walijisikia wazima: kinga waliyoijenga kwa miaka ya dawa haiporomoki kwa siku moja. Ulikuwa uzima wa kuazima. Hali ni hiyo hiyo leo kwa anayeambiwa kwenye maombi au kwa mganga kwamba atupe dawa zake. Simkatazi mtu kusali. Asali, na kidonge akimeze.

Mengine yanayovuruga dawa ni madogo, na ndiyo yanayosahaulika. Mama mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma yaliyomo, yakikutana na dolutegraviri kwenye tumbo tupu, yanaifunga isifyonzwe. Avimeze pamoja na chakula, au TLD itangulie saa 2 kabla ya vidonge hivyo au ifuate saa 6 baada yake. Dawa za kutuliza tumbo zenye magnesiamu au alumini nazo zinataka nafasi hiyo hiyo, hata ukiwa umekula. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anahitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya moja, kwa hiyo kliniki zote mbili lazima zijue anatumia nini. Na kuna jambo la kopo. Vidonge ndani ya kopo vinagonga, na mama aliyepanga chumba kimoja na mashemeji anavihamishia kwenye bahasha au kuvifunga kwenye kitambaa ili visisikike. Asiporudi mapema siku ya msiba au harusi, dozi imepita. Wanaosema "wagonjwa hawajali" wangekaa na mama huyu wiki moja.

Maana hii ina mipaka yake. Inahusu kujamiiana. Haihusu kuchangia sindano wala wembe. Haihusu kaswende, kisonono wala mimba, ambazo kondomu inazuia na ARV hazizuii. Na kwa mama anayenyonyesha tunatumia maneno ya tahadhari zaidi. Bila hatua yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akiwa kwenye dawa na virusi vikiwa vimefubaa, hatari ya kupitia maziwa inashuka chini sana, ila haijathibitishwa kuwa sifuri. Kwa hiyo mama ananyonyesha, anameza dawa bila kukosa, mtoto anapewa dawa ya kinga, na anapimwa kwa matone ya damu akiwa na wiki 4 hadi 6, kisha tena mpaka atakapoacha kunyonya. Tahadhari hii isimtishe mtu. Watoto wengi mno wanazaliwa na kukua bila VVU kwa njia hii.

Kwa nini basi habari hii haisemwi kwa sauti? Nimewasikia baadhi ya watoa huduma wakisema kwamba ukimwambia mgonjwa haambukizi, ataacha kondomu na kuanza kuzurura. Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Walioanza kazi miaka ya tisini walizika wengi. Lakini kumficha mtu ukweli kuhusu mwili wake ili umtawale tabia si huduma. Na hasara yake inaonekana. Kijana anavunja uchumba kwa kuamini kwamba atamuua mchumba wake. Mke na mume ambao majibu yao yalitofautiana wanalala vyumba viwili miaka na miaka. Mtu anayejua kwamba kidonge chake cha leo usiku kinamlinda na mkewe ana sababu nyingine kubwa ya kukimeza.

Tanzania imesogea. Ilipofika mwaka 2016 na kuanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja CD4 zishuke, utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta karibu nusu tu ya watu wazima wenye VVU ndio virusi vyao vimefubaa. Utafiti kama huo wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 78. Ukiufungua ndani unaona pengo lilipo: waliojua kwamba wana VVU walikuwa asilimia 82.7, kati ya hao waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Na kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Dawa zinafanya kazi na watu wanazimeza. Tunaowakosa ni wasiopima.

Na wanaume hupima mara chache kuliko wanawake. Baba anategemea majibu ya mama ya kliniki ya ujauzito, akiona mama hana basi na yeye hana. Si kweli, mmoja anaweza kuwa na VVU miaka mingi bila mwenzake kuambukizwa. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019, Tanzania inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kuna vifaa vya kujipima kwa kupangusa fizi, majibu yanatoka ndani ya dakika 20 hivi, na mtu anaweza kufanya akiwa chumbani kwake. Kikisoma chanya, hatua inayofuata ni kituo cha afya ili kipimo kirudiwe na kuthibitishwa, na dawa zikianza siku hiyo hiyo, safari ya kufikia kutogundulika inahesabiwa kwa miezi. Na kama mtu amejihatarisha jana au juzi, asikae kungoja kujipima: ana saa 72 tu za kufika kituoni kuomba PEP, dawa za kujikinga zinazomezwa siku 28, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomfaa zaidi.