Kutembelea Msitu wa Amani: Maswali na Majibu Kuhusu Afya

Wakazi wa Tanga mjini wanaopanga safari ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, huuliza kwanza habari za nyoka. Tuanze hapo.

Nikiumwa na nyoka nifanye nini?
Tulia, vua pete na saa, usikichezeshe kiungo kilichoumwa, nawe upelekwe hospitali mara moja. Kuchanja, kunyonya jeraha, kufunga kamba ya kukaza au kubandika lile jiwe jeusi ni kupoteza muda tu.

Amani kuna baridi. Chandarua cha nini?
Baridi huchelewesha vimelea vya malaria kukomaa ndani ya mbu, lakini haivimalizi. Tena lango la Sigi liko bondeni kando ya mto, kwenye joto. Mbu aina ya anofelesi huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, ilhali wageni wengi hujipaka dawa ya mbu mchana wakiwa njiani, kisha usiku hujifunika blanketi na kuona yatosha. Chomeka chandarua chini ya godoro pande zote, na ukague kama kimetoboka.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, malaria nimeizoea. Sina kinga?
Unayo kidogo. Kinga hiyo hupunguza ukali wa ugonjwa bila kuuzuia, na hufifia kwa aliyeishi miaka mingi mahali pasipo na malaria. Mtoto wa chini ya miaka 5 na mjamzito wasiitegemee kabisa.

Nimerudi mzima, homa imenishika wiki mbili baadaye. Yahusiana na safari?
Yawezekana sana, kwani dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kati ya siku 10 na 15. Nenda ukapimwe tone la damu ya kidoleni siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu kwamba ulilala msituni. Ukipewa dawa mseto, imeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na umalize siku zote 3 hata kama homa imeshuka.

Na siafu?
Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukiona mkanda mweusi umekatiza njia, uruke. Usisimame hapo kupiga picha.