Je, wajua kwa nini mfalme Mkristo wa Mombasa aliwaua Wakristo mwaka 1631?

Katikati ya Agosti 1631, Wareno wa Mombasa wakiwa katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mfalme wa mji aliingia Fort Jesus na wafuasi wake kana kwamba amekuja kusalimia. Ghafla akamchoma kisu kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, na ngome ile nene ikaanguka bila kuzingirwa. Wareno waliokuwa mjini walikimbilia nyumba ya watawa wa Augustino. Baada ya siku chache nao walitolewa wakauawa, wanawake na watoto hawakusazwa. Waliokufa kwa jumla walikaribia 300.

Aliyefanya hayo alikuwa Mkatoliki. Kabatizwa, mkewe Mkristo, na alikuwa ametunukiwa nishani ya Shirika la Kristo, lile shirika la mashujaa wa Ureno ambalo msalaba wake mwekundu ulichorwa kwenye matanga ya merikebu zao. Jina lake la ubatizo ni Dom Jerónimo Chingulia. Jina alilozaliwa nalo ni Yusuf bin Hasan.

Pale ngomeni utasikia kisa hiki kikimalizwa kwa neno moja, na neno lenyewe hutegemea nani anasikiliza: kwa mmoja Yusuf ni mnafiki, kwa mwingine ni shujaa. Maneno hayo mawili hayajibu swali. Kama kisa kilikuwa ni utawala wa Wareno, mtoto mchanga aliyebatizwa alikosa nini? Na kama kisa kilikuwa ni dini, mbona fujo zilianzia ushuru wa forodha na mauaji ya mzee mmoja huko bara, miaka 17 nyuma?

Tuanze na huyo mzee.

Mombasa na Ureno hazikuwahi kupatana. Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma mwaka 1505, Nuno da Cunha akauvamia tena 1528, na 1589 ukapigwa mara nyingine. Malindi, kwa upande wake, ilikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga 1498. Kwa hiyo Mombasa ilipodhoofika kabisa, Wareno walimleta mfalme wa Malindi akae Mombasa, na 1593 wakaanza kujenga ngome kwa ramani ya fundi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mfalme aliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Ahadi nzuri, kwenye karatasi.

Tatizo lilikuwa kapteni. Cheo kile kilitolewa kwa miaka michache tu, na aliyekipata alikuja na hesabu zake kichwani: pembe za ndovu, nguo za India, chochote cha kumtajirisha kabla hajarudi kwao. Kila fungu alilopata mfalme lilikuwa fungu alilokosa kapteni. Sultan Hasan bin Ahmad, baba yake Yusuf, aligombana nao mpaka akashitakiwa kwamba anapanga uasi. Mwaka 1614 akatorokea bara, kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo, wahenga wa Wamijikenda wa leo. Kapteni akawahonga wenyeji wake kwa nguo. Hasan akauawa hukohuko, na kichwa chake kikasafirishwa hadi Goa, makao makuu ya Wareno huko India.

Mwanawe naye alipelekwa Goa. Alikuwa mtoto wa miaka kama saba.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo, maana yaliyotokea 1631 yalipandwa Goa. Watawa wa Augustino walimlea, wakamsomesha, wakambatiza. Kwa Ureno ya wakati ule, ubatizo wa mwana wa mfalme ulikuwa jambo la roho, lakini ulikuwa pia jambo la serikali. Aliyebatizwa alibeba jina la Kireno, akapewa cheo cha "Dom", akaapa utii kwa mfalme wa Ureno. Kukubali Kristo na kukubali Ureno vilifungwa kwenye fundo moja. Hakuna aliyemuuliza kijana kama anataka kimoja bila kingine, wala sidhani kama mtu wa zama zile angeona maana ya swali hilo. Wakati huohuo alifundishwa kazi ya mizinga katika merikebu za kivita, elimu ambayo Wareno wangekuja kuijutia.

Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa, mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Mwaka uliofuata alimwandikia Papa barua ya utii, akieleza jinsi anavyowaleta raia wake katika ukatoliki. Kwa wasomaji wa Roma barua hiyo ilikuwa habari njema. Kwa watu wa Mombasa, mji wa misikiti na wanazuoni, aliyekalia kiti alikuwa mtoto wao aliyechukuliwa mdogo na kurudi mgeni, wakamtilia shaka. Wareno nao hawakumwamini. Makapteni walimkalia vilevile walivyomkalia baba yake, wakimdharau na kujifanyia watakavyo. Akawa hana pa kuegemea: si kwa raia wake, si kwa mabwana zake.

Ndipo likaja suala la kaburi. Mreno mmoja alimwona mfalme akienda usiku kwenye kaburi la baba yake na kumwombea kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikafika kwa kapteni Gamboa, ambaye akaamua mfalme akamatwe na kupelekwa Goa. Yusuf alipata fununu. Alijua vizuri Goa ina maana gani kwa ukoo wao, kichwa cha baba yake kilitangulia huko.

Tazama walivyolitafsiri tukio hilo. Mtu anamwombea baba yake aliyeuawa, na kitendo hicho kinahesabiwa kuwa uhaini kwa Ureno. Kwa kuwa ubatizo ulikuwa kiapo cha utii, sala ya aina nyingine ilikuwa kuvunja kiapo. Kapteni hakuhitaji kuuliza kama mfalme anapanga vita. Dua pale kaburini ilimtosha kuwa ushahidi.

Hili, kwa maoni yangu, ndilo jibu la swali letu. Yusuf alipoasi, aliasi kwa kutumia sarufi ileile aliyofundishwa Goa. Kama Ukristo ndio sare ya utawala, basi anayeuvua utawala anauvua Ukristo, na kila aliyeuvaa ni askari wa adui, hata mtoto wa miaka miwili. Alijitangaza Mwislamu, akawawekea mateka wake sharti: wasilimu au wafe. Watawa waliomlea walikuwa na ndugu zao wa shirika lilelile pale Mombasa, na hao nao waliuawa.

Unafiki basi haukuwa wa upande mmoja. Injili ya Mathayo 26:52 inasema, "maana wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga." Maneno hayo yalisomwa makanisani na watu waliouchoma mji kwa zaidi ya mara moja na kuipa ngome ya mizinga jina la Yesu. Sura ya Baqara, aya ya 256, nayo inakataza kulazimishana katika dini, na Yusuf alilazimisha kwa kisu. Kila upande ulikuwa na kitabu kinachoushitaki.

Kuna kundi moja ambalo simulizi nyingi hulipita haraka: Waafrika Wakristo wa Mombasa. Hawa hawakuwa na forodha ya kulinda wala cheo cha kupoteza. Kwa hesabu ya siasa, njia yao rahisi ilikuwa kutamka shahada na kwenda zao nyumbani, kwa kuwa Ureno haikuwa imewapa kikubwa. Wako waliokataa, wakafa. Ukipenda nadharia inayosema dini katika siasa ni joho tu la kuficha tamaa, watu hawa wanaivuruga. Kwa kapteni Ukristo huenda ulikuwa sare, na kwa mfalme mkataba. Wao waliushika wakati haukuwa na faida yoyote tena. Mwaka 1632 Kanisa lilifungua uchunguzi huko Goa, mashahidi wakaapishwa na kuhojiwa ili kuthibitisha kwamba waliouawa walikufa kwa ajili ya imani. Mengi tunayoyajua kuhusu siku zile yametoka katika ushahidi huo, kwa hiyo tuyasome tukijua kwamba yalikusanywa na upande uliofiwa.

Na mazoea ya kumpiga mtu kupitia dini yake hayakuzikwa na karne ya 17. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Kiislamu, alipopigwa risasi ndani ya gari lake Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, lawama za vijana zilikuwa kwa polisi, na polisi walikana. Lakini vijana walipoingia barabarani, miongoni mwa vilivyopigwa mawe na kuporwa yalikuwamo makanisa. Oktoba 2013, baada ya sheikh mwingine kuuawa, kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo lilichomwa moto. Mchungaji hakuwa amemfyatulia mtu risasi. Kanisa lilipigwa kwa sababu lilionekana kuwa la "wao", wenye serikali. Februari 2014 mambo yakageuka: polisi waliingia Masjid Musa, hukohuko Majengo, wakakamata zaidi ya watu 100, na msikiti mzima ukabeba tuhuma za wachache. Sisemi historia inajirudia, miaka 400 ni mingi na sababu zina matawi yake. Ila ukielewa kwa nini kapteni Gamboa aliona uhaini kwenye dua ya kaburini, hutashangaa sana kuona jiwe lililokusudiwa kituo cha polisi likitua kwenye dirisha la kanisa.

Turudi kwa Yusuf. Mwanzoni mwa 1632 kikosi kikubwa kilikuja kutoka Goa chini ya Francisco de Moura. Kilizingira ngome kwa miezi, kikashindwa. Yule kijana aliyefundishwa mizinga alikuwa amehitimu. Lakini alijua watarudi. Mwezi Mei mwaka huohuo alibomoa alichoweza, akapakia mizinga kwenye merikebu, akaondoka. Agosti Wareno walirejea katika ngome tupu. Yeye aliendelea kuwawinda baharini, kuanzia Arabuni hadi Madagaska na visiwa vya Komoro, mpaka akafa pande za Bahari ya Shamu mwaka 1638. Hakutawala tena Mombasa, na Wareno hawakumweka mfalme mwingine pale. Kuanzia hapo kapteni alitawala peke yake, jambo ambalo makapteni walilitaka tangu zamani.

Ukienda Fort Jesus leo, kabla hujapita lango kuu inua macho. Juu ya mlango kuna bamba la mawe lenye maandishi ya Kireno, la mwaka 1639, yaliyowekwa kwa heshima ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linaeleza alivyoikarabati ngome na kuwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya "mfalme wao dhalimu", maana yake Yusuf. Linajisifu kwamba alizipa adhabu Pate na Siyu hata kubomoa kuta za miji yao, kwamba aliwaadhibu Wamusungulo, na kwamba huko Pemba aliwaua magavana waasi pamoja na wakuu wote wa mji, kwa uamuzi wake mwenyewe. Hakuna aya ya Injili kwenye bamba hilo. Kuna orodha ya malipo: cheo katika nyumba ya kifalme, ruzuku ya kila mwaka, ugavana wa miji miwili ya Ceylon (Sri Lanka ya leo). Na katikati ya orodha, kwa herufi zilezile, kuna ile nishani ambayo Yusuf pia alikuwa nayo: Shirika la Kristo.