Modeli ya singe ya Kifaransa: maana yake na namna ya kuisoma

Modeli ya singe, yaani kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, ni mwaka ambao jeshi la Ufaransa lilikubali muundo wake, si mwaka ambao kipande ulichoshika kilitoka kiwandani. Singe ya Modeli 1874, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya Gras, huenda ina mwaka 1877 au 1879 mgongoni mwa ubapa, na bado ni Modeli 1874. Wauzaji wengi huvichanganya vitu hivi viwili. Ndiyo maana utakuta tangazo la "singe adimu ya 1877" ambayo ukiitazama ni Gras ya kawaida kabisa, ya aina iliyotengenezwa kwa wingi mno.

Marekebisho nayo yana utaratibu wake: mwaka wa badiliko huongezwa nyuma ya mwaka wa mwanzo. Singe ya bunduki ya Lebel ilianza kama Modeli 1886. Ikarekebishwa kidogo mwaka 1893, ikaitwa 1886/93. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaondolewa ndoano ya kikinga mkono, kile kipande kilicho kati ya mpini na ubapa, na wakusanyaji wakaongeza 15 au 16 mwishoni. Zile zilizokatwa mwaka 1935 hadi ubapa ukabaki karibu sentimita 35 zikaongezewa 35. Kwa hiyo msururu kama 1886/93/16/35 ni historia ya kipande kimoja kilichopita mikononi mwa mafundi wa jeshi zaidi ya mara moja.

Ukipewa singe usiyoijua, usianze na maandishi. Anza na umbo la ubapa, kwa sababu maandishi hufutika lakini umbo halidanganyi kirahisi.

Ubapa uliopinda mara mbili kama yatagani, upanga wa Kituruki, wenye mpini mzima wa shaba ya manjano ulio na mifereji ya kushikia, kwa kawaida ni Modeli 1866 ya bunduki ya Chassepot. Ubapa wake ni karibu sentimita 57, na singe nzima hufika sentimita 70. Ubapa mwembamba ulionyooka, ambao ukiutazama kutoka nchani unafanana na herufi T, ni Gras: karibu sentimita 52 za ubapa, vipande viwili vya mbao pande za mpini, na kichwa cha shaba. Ubapa usio na makali, wenye pembe nne kama msalaba, ni Lebel, ile ambayo askari waliiita Rosalie. Nao una karibu sentimita 52 kama haujakatwa. Kisu kifupi chenye ubapa wa sentimita 40 ni Modeli 1892 ya bunduki za Berthier.

Kwenye Lebel, chukua sumaku. Mipini ya mwanzo ilikuwa ya mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki. Baadaye kulikuwa na ya shaba ya manjano, na vita vilipobana malighafi ikatumika hata ya chuma. Sumaku ikinata kwenye mpini, huo si mpini wa miaka ya mwanzo. Isiponata, rangi itakuambia ni ipi kati ya zile mbili, ilimradi usiwe umedanganywa na uchafu. Sugua sehemu ndogo iliyofichika kwa kitambaa kikavu kwanza.

Umbo la yatagani lina mtego wake. Modeli 1842 nayo ina ubapa uliopinda na mpini wa shaba, na ukiziweka mbili kando kwa kando utahitaji kutulia ili kuzitofautisha. Hapo ndipo mgongo wa ubapa unapoanza kazi. Viwanda vya serikali viliandika jina la kiwanda, mwezi na mwaka kwa herufi za mlazo, kwa kifupi. "Mre" ni Manufacture, yaani kiwanda. Neno linalofuata linataja utawala: "Rle" ni la kifalme, kabla ya mapinduzi ya Februari 1848, "Nle" ni la taifa, miaka ya jamhuri iliyofuata, "Imple" au "Impale" ni la himaya ya Napoleon III, kuanzia mwisho wa 1852 hadi Septemba 1870. Baada ya hapo utasoma "Mre d'Armes". Kwa hiyo singe ya yatagani yenye "Rle" haiwezi kuwa Chassepot, kwa sababu Chassepot ilikubaliwa miaka kumi na minane baada ya mfalme kuondoka. Na ukikuta "Impale" iliyoandikwa pamoja na mwaka 1875, weka pesa mfukoni.

Viwanda utakavyovikuta ni St Etienne, Châtellerault, Tulle na Mutzig. Mutzig ipo Alsace, ambayo Ujerumani iliichukua mwaka 1871. Singe inayodai kutoka Mutzig kwa jeshi la Ufaransa baada ya hapo haina maelezo. Chassepot zilizotekwa katika vita vya 1870 na 1871 zilichukuliwa na Wajerumani wenyewe, na nyingi zikapigwa alama za vikosi vyao kwenye kikinga mkono. Alama hizo si uharibifu. Ni sehemu ya maisha ya kipande hicho, na wapo wanaozitafuta kwa makusudi.

Miezi ndiyo hupotosha watu zaidi ya kitu kingine. "7bre" si Julai bali Septemba, "8bre" ni Oktoba, "9bre" ni Novemba, na "Xbre" ni Desemba. Waandishi wa viwandani walifuata namba zilizomo katika majina ya miezi ya Kilatini, yaliyotolewa zamani mwaka wa Warumi ulipoanzia Machi. Anayesoma "8bre 1876" kama Agosti 1876 amekosea miezi miwili, na kosa hilo limejaa hata kwenye mauzo ya mnada.

Ili kusoma mgongo uliofifia, zima taa ya chumba na uweke tochi ya simu karibu kabisa na chuma, ikimulika kwa mshazari. Vivuli vitajaza mistari. Piga picha mbili, mwanga ukitoka kila upande. Usitumie msasa wala brashi ya waya: maandishi haya yamechorwa kwa juu juu, na mtu akisugua kwa nguvu ili yasomeke, hayo hayo ndiyo huondoka. Kutu nyekundu iondoe kwa mafuta ya taa na pamba ya chuma laini ya 0000, taratibu, kisha paka mafuta mepesi. Doa jeusi lililokaa kwenye chuma liache.

Ala iliyoshika kwa kutu usiipige nyundo wala kuibana kwa koleo, kwa maana ala za chuma ni nyembamba na hupondeka. Mimina mafuta ya taa kupitia mdomoni, ilaze siku kadhaa, kisha sukuma na kuvuta kidogo kidogo.

Sasa namba. Kwenye kikinga mkono kuna namba, mara nyingi ikitanguliwa na herufi, na ala nayo ilipewa namba hiyo hiyo. Zikilingana, thamani hupanda. Zisipolingana, bado ni singe halali, ila ala imetoka kwingine. Anayepiga namba upya kwenye ala hukosea hapa: alama zake ni kali pembeni na zina chuma cheupe ndani, ilhali zilizozunguka zimechakaa. Angalia pia ncha na kikinga mkono. Ncha iliyovunjika na kunolewa upya hufupisha ubapa kwa sentimita moja au mbili, pima. Ndoano iliyokatwa kwa msumeno nyumbani huacha mikwaruzo, tofauti na kazi ya karakana ya jeshi iliyosawazishwa.

Gras zikikutwa Pembe ya Afrika si ajabu. Bunduki hizo ziliingia Ethiopia kwa wingi kupitia pwani ya Jibuti, na zilikuwepo kwenye vita vya Adwa mwaka 1896. Kuagiza kutoka Ulaya kuna mambo mengine: uliza polisi na forodha ya nchi yako kabla ya kulipa.

Lebo ya kipande chako iandike hivi: Modeli 1874 ya Gras, St Etienne, Desemba 1878, namba ya ala tofauti, ncha kamili, mbao za asili. Kila neno humo limetokana na kitu ulichokiona au kukipima, na mnunuzi wa kesho ataweza kukihakiki mwenyewe.