Kansa si nyama iliyokufa, na pakiti yako haina cha kufufua

Imenifikia tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti uliokwisha kuzunguka makundi yote ya WhatsApp ya Malindi. Mama mwenye sauti tamu anaeleza kwamba kansa ni seli zinazokufa mwilini, kwamba kemo inakuja kuzimaliza zilizobaki, na kwamba dawa ni kuongeza seli mpya: unga wa seli shina (zile zinazogawanyika na kuzaa seli za aina nyingine) za tufaha, pakiti moja chini ya ulimi kabla ya kufungua kinywa. Mwisho inatajwa namba ya kulipia. Aliyenitumia ni binti wa jirani, na chini ameandika: "Ami, hii vipi? Tumnunulie nyanya yetu mgonjwa?"

Msimnunulie. Mnunulieni samaki changu na maziwa, anahitaji protini.

La pakiti nilimalize haraka. Seli ya tufaha ni seli ya mmea. Ukiimeza, asidi na vimeng'enya vya tumbo vinaimaliza, na vingeimaliza hata kama ingekuwa seli shina ya binadamu. Na lau ingefika salama mwilini? Seli shina za kiinitete zikidungwa kwa panya zinaota teratoma, uvimbe ambao ukiupasua unaweza kukuta gegedu, nywele, hata jino. Tiba za kweli za seli shina zipo: kupandikiza uboho ndiyo kongwe, na mwaka 2017 madaktari walieleza jinsi walivyomtengenezea mtoto mmoja huko Ujerumani karibu asilimia 80 ya ngozi yake kutokana na seli zake mwenyewe, baada ya kurekebisha jeni iliyokuwa mbovu. Hakuna aliyelamba unga.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Kazi yangu ni kusoma slaidi, yaani kutazama chini ya darubini vipande vyembamba vya nyama iliyokatwa kwa wagonjwa. Mtaani wanasema kansa ni nyama inayokufa. Waliosoma, wakiwemo wenzangu wa koti jeupe, wanawasahihisha kwa kujiamini: la, kansa ni seli zilizokataa kufa. Hii nayo ni nusu ya ukweli, na inanikera kuliko pakiti, maana inatoka kwa watu wanaopaswa kujua.

Chukua limfoma ya Burkitt, kansa ya seli B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Sisi huku pwani hatuhitaji kuitafuta vitabuni: mtoto mdogo, taya limefura upande mmoja, meno yanalegea, na kila mkionana limeongezeka. Denis Burkitt, daktari mpasuaji, aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wote kwa binadamu. Ukipaka rangi ya Ki-67, inayoonyesha seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika, karibu kila seli inawaka kahawia. Kwa kanuni ya "zimekataa kufa", hapa usingetarajia kuona hata maiti moja.

Weka slaidi chini ya darubini. Uwanja wote ni buluu iliyoshonana, na humo ndani kuna matundu meupe yaliyotawanyika. Vitabu vinaliita anga lenye nyota. Panda hadi lenzi ya 40. Kila tundu ni makrofaji, seli ya kinga inayomeza takataka, na tumboni mwake mna vipande vya seli zilizokufa. Pembeni utakuta moja ambayo bado haijaliwa: imejikunyata, ute wake umekolea waridi, kiini kimekatikakatika vidonge vyeusi vya mviringo, na kimwanya cheupe kimeizunguka kwa sababu imeachana na majirani. Hiyo ni apoptosisi, seli kujiua kwa utaratibu, waziwazi. Na jirani yake wa ubavuni, kromosomu zimejipanga mstari, anagawanyika. Kwa mtazamo mmoja unaona kufa na kuzaliwa bega kwa bega, na uvimbe unaendelea kupanda.

Sababu ni jeni ya MYC. Katika Burkitt imehama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi ikahamia ya 14, ikatua jirani na jeni za kutengeneza kingamwili ambazo kwenye seli B hazilali. MYC inaamuru seli igawanyike. Lakini MYC hiyohiyo inaisukuma seli kujiua, jambo lililoonyeshwa tangu mwaka 1992. Kwa hiyo seli za Burkitt zinakufa, tena kwa wingi. Uvimbe unakua kwa sababu wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaokufa, basi.

Geuza upande wa pili: limfoma ya folikula. Mtu mzima, tezi za shingo zimevimba polepole, miaka, hana homa, anaendelea na biashara zake. Hapa jeni iliyohama ni BCL2, kutoka kromosomu ya 18. Mwaka 1988 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba BCL2 haiharakishi kugawanyika, inazuia kufa. Seli hizi ndizo kweli zimekataa. Na unajua ninachokitafuta kwenye slaidi? Kutokuwepo kwa zile makrofaji zenye tumbo lililojaa. Tezi iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida inazo, maana ndani ya folikula, yaani vishada vya seli B vilivyomo kwenye tezi, zile zisizofaa huchujwa na kuuawa kila saa. Nikikuta folikula zimebanana, zimetulia, hamna maiti hata moja, hapo ndipo ninaposhtuka.

Kinachowachanganya watu ni kwamba Burkitt, yenye vifo tele, mara nyingi inapona kabisa kwa kemo ikiwahiwa. Ile ya folikula, iliyotulia, ikishaenea mwilini hujibu dawa vizuri kisha hurudi. Seli iliyo tayari ukingoni mwa kifo unaisukuma kidogo tu. Iliyojifungia ndani kwa BCL2 unahitaji kwanza kuvunja kufuli, na dawa za kuvunja kufuli hilo zimekuja majuzi tu: venetoclax iliruhusiwa Marekani mwaka 2016, kwa aina nyingine ya kansa ya damu. Bei yake sitaki hata kuizungumzia.

Jinsi seli inavyokufa nayo ni mambo. Kerr, Wyllie na Currie ndio waliotoa jina la apoptosisi mwaka 1972. Fundi wa Lamu akibomoa nyumba ya mawe anashusha boriti moja moja, na jirani halali na vumbi; hiyo ndiyo apoptosisi. Nyumba ikiporomoka yenyewe usiku wa masika, mtaa mzima unaamka. Hiyo ni nekrosisi: utando unapasuka, vilivyomo vinamwagika, kinga inakuja mbio na mwako wake. Lakini hata kifo cha utaratibu kikizidi wingi ni hatari. Mtoto wa Burkitt akianza kemo, seli zinakufa kwa mamilioni ya mamilioni kwa pamoja, potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki vinajaa kwenye damu, figo zinaziba. Ndiyo maana anatundikiwa maji mengi na kupewa alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, kabla ya dawa yenyewe. Wazazi wakiona siku ya kwanza ni maji tu wanadhani wanacheleweshwa. Hawacheleweshwi.

Sasa seli shina na kupona kwa vidonda, mahali ambapo vitabu vinajifanya vina uhakika kuliko nilio nao mimi. Maiti za seli hazikai kimya. Mwaka 2010 ilionekana kwamba panya waliokosa kaspesi 3 au 7, vimeng'enya vilevile vya kutekeleza kifo, vidonda vyao vya ngozi vinachelewa kupona na ini lao linachelewa kuota tena. Seli inayokufa, kupitia kaspesi, inasababisha prostaglandini E2, kemikali ya kupeleka ujumbe, kutolewa, na seli shina za jirani zinaamka na kugawanyika. Yaani bila kufa hakuna kupona. Vizuri sana, mpaka usome kilichofuata mwaka 2011: seli za uvimbe zinazokufa kwa mionzi zinatuma ujumbe uleule, na seli za kansa zilizobaki zinausikia. Kwa hiyo nikiandika kwenye ripoti "apoptosisi nyingi baada ya matibabu", nimempa mgonjwa habari njema au mbaya? Nasema njema, kwa kawaida. Lakini siisemi kwa sauti niliyokuwa nayo zamani.

Na "seli shina za kansa"? Toronto, mwaka 1997, ilionyeshwa kwamba katika leukemia kali ya mailoidi, aina ya kansa ya damu, ni seli chache mno zinazoweza kuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Kila mtu akaanza kuziona seli hizo kila mahali. Kisha 2008 kundi la Michigan likachukua melanoma, aina ya kansa ya ngozi, likatumia panya wenye kinga dhaifu zaidi, na karibu seli moja kati ya nne ikaotesha uvimbe. Yaani uchache ule, kwa sehemu, ulitokana na panya waliotumika. Mimi naamini zaidi kwamba ushina, kule kuwa seli shina, ni hali ambayo seli inaingia na kutoka, lakini kwenye darubini yangu siwezi kuinyooshea kidole seli moja nikasema ndiyo hii. Anayesema anaweza, kwa rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, anakudanganya.

Lile ambalo halina utata ni hili: sehemu inayouawa na kujirekebisha mwaka nenda mwaka rudi iko hatarini. Kichocho kinachojeruhi kibofu miaka kwa miaka huleta kansa ya kibofu. Kovu la moto au kidonda cha mguu kisichofunga kwa miaka kinaweza kugeuka kansa ya ngozi. Kila kurekebisha ni kugawanyika, na kila kugawanyika ni nafasi ya kunakili kosa. Mzee mwenye kidonda cha namna hiyo, ambacho sasa kingo zake zimenyanyuka na kuwa ngumu, ananunuliwa pakiti za kuongeza kugawanyika! Bora unga haufanyi kitu.

Mleteni akatwe biopsi, kipande kidogo cha nyama cha kupima. Na nyinyi mnaokata, kateni ukingoni, pale kidonda kinapokutana na ngozi nzima, mchukue vipande zaidi ya kimoja. Katikati kuna nekrosisi na usaha tu, nami nikiletewa hicho nitaandika "haitoshi kutoa jibu", na mzee wa watu atapanda tena matatu kutoka Mambrui. Formalini, dawa ya kuhifadhia kipande kisioze, iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, si vitone viwili chini ya chupa.