Kiki haitaki misuli

Jumamosi iliyopita kijana mmoja kaniletea pikipiki, Yamaha SR500 ya marehemu baba yake juu ya pikapu, mwenyewe anachechemea. Kabla hajatoa salamu nikamwambia, "Kiki imekurudi." Akashangaa nimejuaje. Miguuni ana kandambili, ugoko umechubuka kwa upana uleule wa mkono wa kiki, ule unaokanyagwa kuwasha injini, nishindwe kujua nini? Halafu akaitamka ile sentensi ninayoisikia hapa gereji, eneo la Gerezani, Dar, mpaka nimeichoka: "Fundi, hii inataka mwanaume mwenye nguvu zake."

Haitaki. Na nisieleweke vibaya, kiki hii si ile ya wasanii wetu, ingawa ukiipiga barazani majirani wamekuzunguka, zinafanana.

Mnaposema nguvu mnawaza bodaboda ya cc 125, ambayo hata ukiikanyaga vibaya inakusamehe. SR500, iliyoanza kuuzwa 1978, ina silinda moja ya cc 499. Ukianza kukanyaga wakati pistoni iko njiani kugandamiza hewa, mguu wako unapigana na hewa hiyo na nguvu zote zinaishia hapo. Flaiwili, lile gurudumu zito linaloendeleza mzunguko wa injini, haijapata mwendo. Plagi nayo haikusubiri. Taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, imepangwa ichome kabla pistoni haijafika juu kabisa. Mchanganyiko ukishika moto, pistoni inasukumwa irudi ilikotoka, na mkono wa kiki unapanda na mguu wako. Ukiongeza nguvu unaongeza maumivu tu.

Fanya hivi. Swichi izimwe. Shusha kiki polepole kwa uzito wa mguu mpaka igome kama imegusa ukuta. Ikigoma, usiilazimishe. Bana kile kikono kidogo kilicho chini ya klachi. Kinafungua valvu ya ekzosi, hewa inapata pa kutokea. Sogeza kiki kidogo, kidogo kweli, mpaka alama itokeze kwenye kile kidirisha cha kioo pembeni mwa hedi, kile kichwa cha silinda. Wateja wangu wengi wanadhani kidirisha hicho ni cha kuangalizia oili. Sasa achia kikono, acha kiki ipande hadi juu kabisa, washa swichi, kisha shusha mguu mara moja mpaka mwisho, goti likiwa limekunjwa kidogo. Usiishie njiani kwa woga, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Pistoni imeshapita kilele, ina kama mzunguko mmoja na nusu kabla ya kukutana na hewa tena, na ikifika huko flaiwili ndiyo inayofanya kazi, wewe umeshamaliza. Kijana ninayemfundisha kazi ana kilo 54 na anaiwasha chapati ikiwa mkononi.

Wazee wenye pikipiki za kale za Kiingereza, BSA M20 na ndugu zake, ninyi mna kikono cha taimingi kwenye usukani. Kicheleweshe kwanza, ndipo upige. Na tafadhalini, viatu! Kandambili ni za kwendea bafuni.

Kingine kinachonikera ni kuvuta resi huku unapiga. Kabureta ya zamani inanyonya petroli kwa kasi ya hewa inayopita kooni mwake. Ukifungua resi yote wakati injini inazungushwa na mguu, hewa inapita kwa uvivu na petroli inabaki chini. Iache resi ifunge, au ifungue kidogo mno. Resi yote ni ya siku plagi imelowa: funga koki ya petroli, ondoa choki (ile ya kuwashia injini ikiwa baridi), vuta mpaka mwisho, piga kiki tano sita ikauke, uanze upya.

"Dar joto, choki ya nini?" Injini iliyolala usiku kucha ni baridi, hata kama wewe umelala na feni. Itumie, ikishika iondoe. Ikiwa ya moto, usiiguse kabisa.

"Plagi inatoa cheche, nimeiona." Umeiona nje. Ndani ya silinda, hewa ikishagandamizwa, cheche dhaifu haivuki ule mwanya wa plagi. Kwa magneto ya zamani, ile inayojizalishia umeme wa cheche bila betri, mimi naubana mwanya mpaka milimita 0.5. Zile zenye pointi, kiswichi kinachokata umeme ili cheche itoke, kama inawaka vizuri asubuhi halafu inagoma ikishapata moto kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, nakagua kondensa inayokaa na pointi hizo, na nafasi za valvu, kabla ya kugusa kabureta.

Kusukuma si tiba. Ikiwaka kwa kusukumwa tu, ina kompresheni ndogo au cheche hafifu, nawe unaahirisha. Na anayemimina petroli kwenye tundu la plagi anaosha oili kwenye ukuta wa silinda. Ringi za pistoni akanunue mwenyewe.

Yule kijana nilimvalisha buti zangu, akafuata hatua moja baada ya nyingine. Ikawaka kiki ya pili. Ya kwanza alisahau kuwasha swichi.