Kuongeza springi hakuongezi uwezo wa pikapu kubeba

Wenye pikapu wengi huamini kwamba gari likiongezwa bamba moja au mawili kwenye springi za nyuma, linaruhusiwa kubeba mzigo mzito zaidi. Imani hii inaeleweka, kwa maana gari lililokuwa limeinama nyuma husimama wima siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, springi hubadilisha kimo na ugumu tu. Ekseli, breki, fremu na matairi hubaki vilevile, na uzito wa juu unaoruhusiwa huamuliwa kwa kuvizingatia vyote. Tena, pikapu yenye springi ngumu, ikiwa tupu kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, hurukaruka nyuma na matairi hupoteza mshiko.

Msomaji anaweza kuhakiki mwenyewe. Kibandiko cha kiwandani, ambacho aghalabu huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi huonyesha uzito huo wa juu unaoruhusiwa, yaani wa gari pamoja na vyote lilivyobeba: ukiwa kilo 3,000 na gari tupu lina kilo 2,000, zilizobaki 1,000 ni za abiria, mzigo na hata bampa ya chuma iliyoongezwa. Ubavuni mwa tairi kuna pia namba ya msimbo wa uzito ambao tairi linaweza kubeba: 112, kwa mfano, humaanisha hadi kilo 1,120 kwa tairi moja.